Kigari cha tairi tatu, mbigili za Nzuguni na mimi: miezi minane ya kusukuma

Niseme mapema kwamba mi ni baba, manake kila nikiulizia vigari vya watoto naambiwa "mwambie mama mtoto aje mwenyewe". Mama mtoto yuko kazini. Yeye anaingia asubuhi, mi naingia zamu ya usiku, kwa hiyo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa hivi binti ni wangu (nalala saa ngapi msiniulize) na huyu binti hapati usingizi mpaka atembezwe. Mbeleko nilijaribu, msinicheke, nilijaribu kweli, ila kanga ilikuwa inashuka taratibu, mpaka nafika dukani mtoto yuko kiunoni kama mkoba wa kondakta.

Kigari cha kwanza tulipewa zawadi, vile vyembamba vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli, vya vigurudumu vidogo vya plastiki viwili viwili kila kona. Sina ubaya nacho. Kwenye vigae, kwenye lami, ukienda hospitali au kanisani kiko sawa tu na unakibeba kwa mkono mmoja. Sasa mi nakaa Nzuguni, hapa Dodoma, na wanaoijua Nzuguni ya ndani ndani wanajua, ukiacha lami ya Morogoro road ukaingia mitaani ni mchanga, changarawe, na kila baada ya nyumba kadhaa kuna mfereji uliochimbwa na mvua, mwenye nyumba akaufukia nusu. Vile vigurudumu vya mbele vikigusa mchanga vinageuka ubavu vinazama, we unasukuma mbele chenyewe kinainama kama kinasujudu na mtoto anabaki ananing'inia kwenye mkanda. Mwisho nikawa nakivuta kinyumenyume, baba mzima natembea kinyumenyume mtaani, majirani wanaangalia tu.

Ndo nikaanza kutafuta cha tairi tatu. Vile vikubwa, tairi moja mbele mbili nyuma, tairi za upepo kabisa zenye tyubu kama baiskeli. Hivi asili yake ni watu wa mazoezi, kuna Mmarekani anaitwa Phil Baechler alikuwa anataka kukimbia na mtoto wake, akatengeneza kigari cha hivyo, kampuni ya Baby Jogger ikaanza 1984. Mi sikimbii popote, nakwenda soko la Ndugai kununua nyanya, lakini kitu kilichotengenezwa kikimbie kwenye njia mbovu nikaona ndo saizi ya Nzuguni.

Mara ya kwanza nilipigwa. Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa Dar, picha inaonyesha tairi za upepo hadi valvu inaonekana, nikatuma hela, mzigo ukaja na basi mpaka stendi yetu hapa Nanenane, nafungua boksi ni plastiki tupu iliyochorwa kashata kama za tairi. Nikabonyeza na kidole, ngumu kama ndoo. Nampigia ananiambia "kaka hiyo ndo modeli mpya". Nilirudisha kwa nauli yangu, na hela ilirudi baada ya wiki tatu za kusumbuana, tena pungufu.

Safari ya pili nikasema naenda mwenyewe. Siku hizi na treni ya SGR ni asubuhi uko huku mchana uko Kariakoo. Vipya vyenye jina vilinishinda bei, nikaenda kwa wale wa mitumba ya Ulaya, vigari vimepangwa vumbi tele. Pale sasa usiangalie kitambaa, kitambaa kinafuliwa. Nilikipindua miguu juu nikazungusha tairi moja moja nikiweka sikio, beringi nzima inazunguka kimya, iliyokufa inakwaruza kama inasaga karanga. Nikakanyaga breki nikakisukuma kwa nguvu. Nikafunga mkanda, na mkanda uwe wa sehemu tano, mabega mawili, kiuno pande mbili na ule wa katikati ya miguu, kwa sababu ule wa kiunoni peke yake mtoto anateleza chini kwenye mtikisiko. Kisha nikakiachia kiende chenyewe kwenye sakafu mita kadhaa nione kama kinavuta upande, cha kwanza kilivuta kushoto kama gari lililopata ajali, nikakiacha. Cha pili kilienda wima. Kwenye fremu kilikuwa na stika ya EN 1888, hicho ni kiwango cha usalama cha Ulaya cha vigari vya watoto, ikanipa moyo kidogo kwamba kilitengenezwa na watu wanaokaguliwa. Muuzaji alianzia laki mbili na ishirini, tukamalizana laki na sitini na tano, nikaomba pampu ya mkono akanicheka ila akanipa.

Yaani siku ya kwanza mtaani nilikuwa nasukuma kwa mkono mmoja!! Mchanga kinapita juu yake. Tairi ya mbele ni inchi 12, za nyuma inchi 16, ikikutana na jiwe inapanda tu. Kitu ambacho sikukijua mwanzo ni kile kipini cha mbele. Tairi ya mbele inaweza kuachiwa izunguke huku na huku, au ukaifunga iangalie mbele tu. Sokoni kwenye kona kona unaiachia. Kwenye mchanga na makorongo unaifunga, ukisahau inaanza kutetema kama mlevi. Na wenye kukimbia nacho ndo wanaifunga kabisa, na mtoto awe ameshapita miezi sita shingo imekaza, sio kichanga.

Watoto wa mtaa ndo walinimaliza. Nakata kona wanakuja mbio, "anko, nipe koni ya mia tano". Walidhani ni kigari cha aiskrimu. Wiki nzima.

Haya sasa tuje kwenye mbigili, manake hii ndo sababu ya kuandika yote haya. Ambaye si wa Dodoma labda hazijui. Ni kajani kanakotambaa chini, mvua zikiisha kanakauka na kuacha vijitunda vigumu vyenye miiba, na Mungu alivyokaumba, kakianguka vyovyote vile mwiba mmoja lazima uangalie juu. Ndala zinazijua, baiskeli zinazijua. Mi nilinunua kigari Machi, mvua bado, njia nzuri, nikajisifu kwa mke wangu weee. Mwezi wa sita, siku moja nimetoka dukani naona kigari kizito, nasukuma hakiendi. Naangalia, tairi zote tatu zimelala chini. Zote! Nikambeba mtoto begani na kukokota kigari hadi kwa fundi baiskeli.

Fundi akaichomoa tyubu, akaijaza, akaizamisha kwenye beseni la maji, mapovu yanatoka kama soda. Akawa anahesabu kwa sauti. Tairi moja ya nyuma ilikuwa na matundu saba.

"Mkuu," ananiambia, "hii siwezi kuziba, nitakuwa nashona mkeka. Nunua tyubu."

Inchi 12 anayo, ni ile ile ya baiskeli za watoto. Inchi 16 nayo anayo. Tatizo likawa valvu. Valvu ya tyubu ya kigari imepinda, kwa sababu rimu ni ndogo na spoki zimebanana, ukiweka iliyonyooka pampu haiingii. Ya mbele ilibidi abembeleze sana. Halafu akafanya kitu ambacho sikukiona kwenye video yoyote: akachukua tairi kuukuu la baiskeli, akakata ukanda, akachonga kingo zisikate, akauzungusha ndani kati ya tairi na tyubu. Mbigili ikitoboa tairi ya nje inakutana na mpira mwingine. Kigari kimekuwa kizito kidogo, ila kutoka siku ile mpaka leo, miezi mitano, nimepata pancha moja tu na hiyo ilikuwa msumari. Elfu kumi na nane jumla, na soda nikamnunulia.

Pia upepo msijaze kwa ile mashine ya gereji au sheli. Ile ni ya magari, tairi dogo hivi linajaa kufumba na kufumbua na linapasuka, kuna jirani lilimpasukia baiskeli ya mtoto tukadhani bomu. Tumia pampu ya mkono, kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, langu linasema mwisho PSI 35.

Kuna watu watasema si ununue tu zile za sponji ndani, haziingii pancha. Kweli haziingii. Nimemsukumia shemeji chake cha hivyo, kwenye changarawe mtoto anatikisika mashavu yanacheza. Kama uko Area D au Kisasa kwenye lami, chukua hicho cha sponji, pancha zisikuhusu. Kwangu mi hapana.

Mabaya yake sasa. Kwanza usitundike mizigo kwenye mshikio. Mi nilitundika viazi kilo tano na mfuko wa vitunguu, kikawa kimetulia vizuri tu kwa vile mtoto amekaa mbele, nikasimama, nikamfungua mkanda, ile namnyanyua tu kigari kikadondoka chali. Viazi vikatawanyika njia nzima. Mtoto nilikuwa nimeshamshika, ila nilitetemeka magoti. Mizigo inakaa chini kwenye kile kikapu, basi. Pili, mbele kuna mguu mmoja tu, kwa hiyo ukishuka ukingo wa barabara kwa mshazari kinaweza kulala ubavu, shuka ukiwa umekinyoosha. Tatu ni bajaji. Ukikikunja bado ni kama meza, hakiingii nyuma ya siti mpaka uchomoe tairi, dakika tano dereva anakuangalia kwenye kioo. Daladala sahau kabisa, konda ataweka nauli ya watu wawili na ana haki.

Kingine ni jua na vumbi. Mwezi wa saba upepo wa hapa unajulikana, nikawa nafunika kigari chote kwa kanga nikijiona baba bora. Bibi jirani yangu, Mgogo mmoja mtu mzima, akanisimamisha. Nikamwamkia "mbukwenyi bibi", akaitikia haraka haraka, akaingiza mkono chini ya kanga, akautoa, akaniambia "weka na wako". Nikaweka. Kulikuwa na joto kama ndani ya chungu, mtoto jasho shingoni. Hewa haipiti. Tangu siku hiyo kanga naifunga juu ya kofia ya kigari kwa klipu za nguo, kivuli kinaning'inia upande wa jua, pande nyingine wazi, na saa sita mchana hatutoki.

Mama mkwe alikuja kutoka Kondoa, alipokiona alisema mgongo wa mama haupati pancha. Nilinyamaza, shikamoo yenyewe nilikuwa sijamaliza. Kesho yake nikamkuta amemweka mjukuu ndani wanaelekea gengeni, tairi ya mbele ameiacha haijafungwa, inatetema, na yeye anakifokea kigari.

Mwenyewe nakipa nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ajili ya bajaji. Shemeji yangu wa Kondoa ameshakiwekea oda binti akikua, nimemwambia sawa, ila aje na tyubu zake na ule ukanda wa tairi kuukuu nabaki nao mimi.