Kutoka Masaki hadi Kawe, napima kwa hummus

Mkahawa wowote unaojiita wa Mediterania mimi naupima kwa bakuli la hummus. Kapuchino itabebwa na mashine nzuri, na mayai yatabebwa na njaa ya Jumapili asubuhi. Hummus haina pa kujificha. Ni dengu zilizochemshwa na kusagwa pamoja na tahini, limau, kitunguu saumu na chumvi. Kimoja kikiwa kibovu, tonge la kwanza linakwambia.

Halafu mimi ni mtoto wa Nachingwea, mkoani Lindi. Kwetu ufuta ukikatwa husimamishwa mafungu mafungu hadi ukauke, kisha hupinduliwa juu ya turubai na kugongwa, punje zimwagike. Harufu ya ufuta mpya naijua tangu sijaanza shule, na naijua pia ya ule uliokaa ghalani hadi mafuta yake yakaharibika: uchungu unaobaki nyuma ya ulimi hata ukinywa maji. Tahini ni ufuta uliosagwa, basi. Kwa hiyo hapa sibahatishi.

Kwa miezi kadhaa mimi na mdogo wangu tumekuwa tukizunguka mikahawa ya branchi, ule mlo wa kati ya asubuhi na mchana, na migahawa ya namna hii hapa Dar es Salaam, rasi ya Msasani yote, Mikocheni, hadi Kawe. Tunatoka Upanga kwa bajaji, tunapita Daraja la Tanzanite. Tangu lifunguliwe mwaka 2022, safari ya Jumapili imekuwa fupi mno, na hilo ni jema, maana ukifika baada ya saa tano meza za kivulini zote zina watu.

Épi d'Or ya Barabara ya Haile Selassie wengi mnaijua. Ni duka la mikate lenye mkono wa Kifaransa na wa Kilebanoni kwa pamoja, na ushauri wangu ni mmoja: nendeni kwa ajili ya mkate. Asubuhi mkate unatoka ukiwa na ganda linalolia chini ya kisu, ndani laini, na siagi inayeyuka yenyewe. Mdogo wangu hapo haagizi kingine zaidi ya kruasani na kahawa, na simlaumu. Mtu anayetaka kumtoa mama yake mara ya kwanza kwenye mikahawa ya upande ule aanzie hapo, kwa sababu chakula kinaeleweka na hakuna anayekukimbiza mezani.

Mikahawa ya branchi yenyewe, ile ya viti vya mbao na mimea ya kuning'inia, sina mengi ya kuisemea. Inafanana. Tosti ya parachichi tuliyolipia kati ya shilingi 16,000 na 22,000 ilikuwa nzuri pale tu ambapo parachichi lilikuwa limeiva sawasawa. Nchi inayovuna maparachichi Njombe na Rungwe haina sababu ya kuweka mezani tunda gumu lililokatwa vipande vya kupendezea picha. Mahali pamoja walilisaga na ndimu, pilipili mbichi na chumvi ya mawe, yai la kienyeji juu, kiini cha rangi ya machungwa. Hapo nililipa kwa furaha.

Kwenye shakshuka ndipo nilipoumia. Chakula hiki cha Afrika Kaskazini, Watunisia ndio wanaojulikana nacho sana, hakina siri kwa mtu aliyelelewa na mapishi ya Pwani. Unakaanga kitunguu na pilipili hoho, unatia kitunguu saumu na binzari nyembamba, kisha nyanya, na unaziacha hadi maji yaishe na mafuta yajitenge pembeni. Mama yeyote wa Kitanzania anaijua dakika ile. Baada ya hapo ndipo unachimba vishimo na kuvunjia mayai humo humo, unafunika, ute unashika na kiini kinabaki kinatiririka. Mkahawa mmoja wa ghorofani, jina naliacha, waliniletea mayai ya kukaanga yaliyolazwa juu ya sosi ya nyanya ya chupa, tamu kwa sukari, kwa shilingi 24,000. Mezani menyu ilionyesha bei. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ilipokuja, asilimia 18 ya VAT ilikuwa imeongezwa juu. Nilimuuliza dada aliyetuhudumia kwa upole, naye akanionyesha maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Mteja anastahili kujua atalipa nini kabla hajaagiza, na maandishi yale yangekuwa ukurasa wa kwanza.

Sasa hummus. Katika sehemu nyingi tulizopita ilikuwa nzito, ya rangi ya kijivu, baridi ya friji, na ule uchungu wangu wa ghalani ukiwa umo. Nilianza kuuliza jikoni, kwa heshima, na majibu yalifanana: dengu za kopo, tahini ya kopo, vyote vimekuja na meli. Hili linanisumbua kweli. Dengu tunalima Shinyanga, Mwanza na Simiyu. Ufuta wa Lindi na Mtwara unauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani na kupewa risiti, na sehemu kubwa inapanda meli kwenda Asia ikiwa punje tupu. Kisha mgahawa wa Masaki unanunua kopo lililosagwa nje kwa bei ya juu, likiwa limekaa njiani na dukani hadi ladha imekufa. Mkulima wa Ruangwa anayeuza kilo yake mnadani angeshangaa kujua bakuli moja dogo la ufuta na dengu linauzwa shilingi 18,000 upande huu wa jiji.

Ndiyo maana mgahawa ulionishika ni ule mdogo wa Mikocheni, ndani ya uwanja wa nyumba ya zamani, meza chache chini ya mwembe, bango bado halijawekwa. Hummus ilikuja kwenye sahani bapa, nyeupe, nyepesi, vuguvugu, katikati kidimbwi cha mafuta ya zeituni na dengu nzima chache juu. Nilionja nikanyamaza. Hakukuwa na uchungu kabisa. Nikaomba kumwona mpishi.

Akatoka kaka wa makamo, mtu wa Tanga, amepika Muscat, Oman, miaka mingi kabla ya kurudi.

"Kaka, hii tahini mnaitoa wapi?"

"Tunasaga wenyewe, dada. Ufuta nauchukua Kariakoo, ila namwambia muuzaji anipe wa Lindi, wa msimu huu."

Alinieleza anavyofanya, na aliyewahi kula hummus yake ataelewa kwa nini nayaandika. Dengu zinalala kwenye maji usiku kucha na magadi kidogo, asubuhi zinachemshwa hadi ukibonyeza kwa vidole viwili zinapotea, na maganda yanaenguliwa. Ufuta unakaushwa kwenye kikaango kwa moto mdogo, usibadilike rangi, ndipo unasagwa. Kisha tahini inapigwa peke yake kwanza na limau na maji ya barafu. Mwanzoni inakakamaa, mtu asiyejua anadhani imeharibika. Akiendelea kupiga inalegea na kugeuka nyeupe. Dengu zinaingia mwisho.

Falafel zake zinatokana na dengu zilizolowekwa tu, hazijachemshwa, zikasagwa na kotimiri na kitunguu, jambo ambalo mpika bagia za kunde yeyote atalitambua papo hapo. Nje zinavunjika, ndani kijani. Biringanya anazichoma juu ya mkaa hadi ganda liungue kabisa, anachota nyama ya ndani, anaichanganya na tahini ile ile. Moshi unausikia hadi puani. Na badala ya pita ya kiwandani, anatumia mkate wa ajemi unaotoka tanurini ukiwa na ufuta juu. Mimi naona huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote kwenye menyu ile, kwa sababu pita ya pakiti ikipoa inakuwa ngozi, na mkate wa ajemi wa moto unachota hummus bila kukatika.

Kawe tulikwenda Mediterraneo, ufukweni. Pale mkono ni wa Kiitaliano zaidi, pasta na vitu vya baharini, na upepo wa bahari unaingia hadi mezani. Bei si za kila wiki. Ni mahali pa kuwapeleka wazee waliokuja kutoka mkoani, watoto wakacheza mchangani huku watu wazima wanamaliza kula taratibu, nasi tulikaa hadi alasiri.

Kwa wanaotaka kwenda Mikocheni: fikeni kabla ya saa nne, maana hummus ya siku ikiisha hasagi nyingine. Sahani ya hummus na mkate ni shilingi 12,000, biringanya 10,000, falafel 9,000, na bei hizo VAT imo ndani. Jibini ya halloumi wakati mwingine haipo. Msiisubiri, agizeni biringanya. Maegesho ni ya magari mawili matatu, bajaji ni nafuu zaidi. Kahawa yao kwangu ni nyepesi mno, na nilimwambia kaka hivyo hivyo. Chai ya nanaa ndiyo ya kuagiza, birika dogo linatosha watu wawili.