The Martian Chronicles ya 1980: nimeitazama yote, na haya ndiyo maoni yangu

Wapo wanaopenda hadithi za anga na wamekuwa wakiuliza kama tamthilia hii ya zamani inafaa kununuliwa. Mimi nasema inunue, lakini ujue mapema kwamba sehemu ya kwanza ndiyo iliyobeba zote. Ya pili na ya tatu zitakudai subira.

Kwanza, mambo ya diski. Seti yangu ya DVD ilitoka Marekani kupitia kijana mmoja hapa katikati ya jiji anayewaagizia watu vitu kutoka nje. Diski za Marekani hufungwa kwa kanda namba 1 (kanda ni sehemu ya dunia ambamo diski imeruhusiwa kuchezwa), na sisi Kenya tuko kanda namba 5, kwa hivyo mashine ya kawaida inaweza kuikataa kabisa. Kabla ya kulipa, hakikisha yako inasoma kanda zote. Picha yenyewe ni ya umbo la runinga za zamani, kwa hivyo skrini ya siku hizi itabaki na weusi pande zote mbili. Rangi zimefifia kiasi. Sauti sina neno nayo.

Tamthilia imetokana na kitabu cha Ray Bradbury kilichotoka mwaka wa 1950, kuhusu watu wa Dunia wanaohamia sayari ya Mirihi. NBC ya Marekani na BBC ya Uingereza ziliitengeneza kwa ushirikiano, Richard Matheson akaandika mswada, Michael Anderson akaongoza. Ni sehemu tatu, na jumla yake inakaribia saa tano. Ilipangwa kuonyeshwa Septemba 1979, ikasogezwa hadi Januari 1980 baada ya Bradbury mwenyewe kuwaambia waandishi wa habari kwamba inachosha. Namwelewa. Roketi zinaonekana wazi kuwa ni za kuchezea, na kuna mazungumzo yanayovutwa hadi unatamani mtu aingie awakatize. Mandhari ilipigwa picha Malta na kwenye kisiwa cha Lanzarote, kile cha mawe meusi ya volkano kilichoko karibu na pwani ya Moroko. Kwa hivyo Mirihi yao iko jirani na bara letu, na ukiitazama utafikiri umefika Magadi wakati wa kiangazi.

Hayo yote niliyasamehe kwa sababu ya ugonjwa.

Safari za kwanza kutoka Duniani zinashindwa, wenyeji wa Mirihi wanawaua wageni kwa njia zao. Kisha inafika safari nyingine, chini ya Kanali Wilder, anayeigizwa na Rock Hudson, na inakuta miji mitupu. Wenyeji wamekufa karibu wote. Wameuawa na tetekuwanga, ugonjwa ambao kwetu mtoto anapakwa dawa ya kutuliza mwasho na kubakishwa nyumbani asiambukize wenzake shuleni. Uliletwa na wale waliotangulia. Hakuna vita vilivyopiganwa, wala mtu aliyepanga iwe hivyo. Nchi imebaki wazi, ina barabara na nyumba, na wageni wanaanza kupima viwanja.

Nilikuwa naitazama sehemu hiyo sebuleni, shosho yangu, yaani bibi yangu, akiwa ameketi kando akichambua maharagwe. Kiingereza cha runinga hakimshughulishi sana, lakini ile miji mitupu ilimfanya ainue kichwa.

"Na wenyewe wako wapi?"

"Walikufa, shosho. Tetekuwanga."

"Wote?"

"Karibu wote."

Aliweka ungo chini. "Ndivyo walivyosema kuhusu kwetu," akasema. "Eti hapakuwa na watu."

Shosho ni wa Kiambu. Wazee wake waliishi ile njaa kuu ya 1898 na 1899, iliyokuja pamoja na ndui, baada ya sotoka kuwa imekwisha kumaliza ng'ombe katika miaka ile ile ya tisini. Watu wengi walikufa, wengine wakakimbilia kwa jamaa zao kaskazini. Reli ikafika hapa Nairobi 1899, walowezi wakafuata, wakaona mashamba yamemea magugu, yakaandikwa kuwa ardhi isiyo na mtu. Waliorudi walikuta mashamba ya baba zao yana mwenye mali mwingine. Bradbury alikuwa akiwaza historia ya Marekani na wenyeji wake alipoandika, sina shaka na hilo, lakini mtu wa Kiambu hahitaji kuelezwa lolote. Na waliotengeneza tamthilia walifanya jambo jema sana: hawakuliruka tukio hilo, wala hawakuweka vita mahali pake ili wapate milipuko ya kuonyesha.

Anayelibeba jambo hili ni Jeff Spender, mwanajeshi wa Wilder, anayeigizwa na Bernie Casey. Casey alikuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani kabla ya kuigiza, na pia mchoraji na mshairi, na utulivu huo unauona. Spender anatembea katika mji wa wafu akijua kitakachofuata: migodi, takataka, majina mapya juu ya kila kilima. Anageuka upande wa wenye nchi, anawaua wenzake, na mwishowe Wilder ndiye anayempiga risasi. Kumpa mtu mweusi nafasi hiyo, mwaka wa 1980, kwenye runinga ya Marekani, ni uamuzi nilioushukuru moyoni. Hotuba zake hazikuhitaji muziki wala madoido.

Sasa lalamiko langu kubwa. Kitabu hakina shujaa. Ni visa vingi vilivyoshonwa pamoja, kila kimoja na watu wake, na ndiyo maana unahisi nchi nzima ikijazwa polepole na wageni wa kila aina. Runinga iliogopa hilo, ikamfanya Wilder kuwa uzi wa yote. Kile kisa cha mtu anayekutana usiku na mwenyeji wa Mirihi, kila mmoja akimwona mwenzake kama mzimu, kitabuni ni cha Tomás Gomez, mfanyakazi wa kawaida aliye njiani kwenda sherehe. Hapa amepewa kanali. Wilder ni mtu mwema, ana majuto, na kwa kumfuata yeye tu tunaishia kuyatazama makoloni kwa macho ya ofisa mwenye huruma. Sisi tunawajua maofisa wa namna hiyo. Huruma yao haikurudisha ekari hata moja.

Na kuna sura iliyoachwa nje kabisa ambayo inaniuma. Ni ile ya watu weusi wa mji mmoja wa kusini mwa Marekani wanaoondoka kwa pamoja kwenda Mirihi, huku mzungu mmoja mwenye duka akijaribu kumzuia kijana kwa deni la dola hamsini, na wenzake wakachanga pesa palepale njiani ili aondoke huru. Mchango! Hakuna mtu wa Nairobi asiyejua uzito wa tendo hilo.

Walichofanikiwa nacho baadaye ni kisa cha Sam Parkhill, anayeigizwa na Darren McGavin. Huyu amefungua mkahawa Mirihi akisubiri maelfu ya wafanyakazi waje kula kwake. Wenyeji waliosalia wanamjia kwa merikebu za mchangani, naye kwa hofu anafyatua risasi. Badala ya kulipiza, wanamkabidhi hati ya kumiliki nusu ya sayari. Kisha anatazama juu na kuona Dunia ikiwaka kwa vita. Ana hati mkononi na hatakuja mteja hata mmoja. Nilisimamisha picha hapo nikamwelezea shosho, naye akataka kujua hati hiyo ilisainiwa na nani.

Ukiwa na watoto, waanze na vitu vya kisasa, hii watalala. Kwa mtu mzima anayejali habari za ardhi, itazame sehemu ya kwanza bila haraka, kisha katika zinazofuata tafuta kisa cha Parkhill. Mimi nimeipa nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama wangemwachia Gomez usiku wake na wale watu wa kusini safari yao.