Gome la uña de gato haliivi kwa dakika tatu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi, maana limechapwa vizuri kweli. Ndani mna vifuko 20 vya "chai ya uña de gato kutoka Amazoni ya Peru", na nyuma maelekezo ya mstari mmoja: weka kifuko kwenye kikombe cha maji ya moto, subiri dakika 3, kunywa.

Dakika tatu! Gome! Jamani, nani kati yetu hajui kwamba majani laini unaweza kuyaloweka, ila magome na mizizi ni mambo ya sufuria na moto?

Kwa asiyeujua, uña de gato ni "kucha la paka" kwa Kihispania. Ni mtambaazi, Uncaria tomentosa, ukoo mmoja na mti wa kahawa na mkwinini, na hupanda miti ya msituni hadi mita 30 ukijishikiza kwa miiba iliyopinda kama kucha. Waasháninka wa Peru ya kati ndio wanaotajwa zaidi kwa kuutumia, na wanachotumia ni gome. Alkaloidi na tanini zake, yaani viini vya uchungu na ukakasi, zimejificha kwenye nyuzi ngumu, na nyuzi hizo hazilegei kwa maji yanayopoa kikombeni. Kilichotoka kwenye kifuko changu kilikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyorudiwa mara ya tatu, na ladha ya karatasi. Uchungu hakuna, ukakasi hakuna. Uña de gato isiyokaza ulimi ujue haijapikwa.

Nikamwandikia muuzaji, kwa adabu. Jibu: "Wateja wengine hawajalalamika, ndugu. Ongeza dakika mbili."

Mbili!

Sasa tupige hesabu, kwa haki. Kipimo cha Kiasháninka kinachotajwa sana ni gramu 20 za gome kwa lita 1 ya maji, dakika 45 motoni, unachuja, unaongeza maji mpaka irudi lita 1. Kwa siku mtu anakunywa mililita 60 tu, akizimua na maji ya moto kabla ya kifungua kinywa. Ukigawanya, mililita 60 zimebeba gome la gramu 1.2. Kila kifuko changu kina gramu 1.5. Kwa hiyo, na inaniuma kukiri, kwenye uzito sikupigwa. Gome limo. Kilichokosekana ni moto, na moto ungeweza kuandikwa kwenye boksi kwa wino uleule.

Nikavichana vyote 19 vilivyobaki, gramu 28.5, nikamwaga kwenye karibu lita moja na nusu, motoni. Hapo nikaona ubaya wa unga. Unga wa gome unatuama chini na kushika sufuria usipokoroga, kisha povu la kahawia linapanda ghafla na kumwagika jikoni. Chujio la chai halifai kitu, linaziba palepale. Inabidi kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na uwe na subira. Lakini rangi ilikuja, nyekundu ya kahawia, na uchungu ukaja. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Ila mtu ukishika unga utajuaje ni gome gani? Boksi halina jina la kisayansi, halisemi ni gome la shina au la mzizi. Kuna Uncaria mbili zinazouzwa kwa jina hilihili, tomentosa na guianensis, na alkaloidi zake hazilingani. Marekani, jina la kucha la paka wanaupa pia mti mwingine wa jamii ya mgunga ambao hauhusiani kabisa na huu. Na mzizi ukichimbwa mtambaazi unakufa, wakati shina likikatwa na kisiki kuachwa linachipua tena. Unga haukwambii lolote kati ya hayo.

Sasa cha kunikasirisha zaidi: muuzaji huyohuyo ana mfuko wa nailoni wa magome yenyewe, vipande virefu vyenye nyuzinyuzi, vyepesi, kwa bei ya chini, na hautangazi! Huo ndio mununue. Vipasue viwe vyembamba kama njiti za kiberiti. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, maana vipande vinajaza kijiko bila kuwa na uzito. Viloweke nusu saa kwenye maji ya baridi, kamulia nusu ndimu, kwa kuwa alkaloidi huingia kirahisi zaidi kwenye maji yenye ukali wa asidi. Ukiweka ndimu, achana na sufuria ya alumini. Tumia ya stenlesi au chungu. Ya chuma ndiyo kabisa usiiguse, tanini itageuza kila kitu cheusi. Moto mdogo, mfuniko wazi kidogo, dakika 45. Chuja ingali ya moto, kwani ikipoa inapoteza uangavu. Friji siku tatu, ikianza harufu ya kuchacha mwaga.

Msiniulize kama inatibu. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Peru wa wagonjwa 45 wenye magoti yaliyolika: maumivu ya wakati wa shughuli yalipungua, ya usiku hayakupungua. Nao walitumia dondoo la guianensis lililokaushwa, si chai. Boksi langu limeorodhesha magonjwa saba, kansa ikiwemo, lakini halina neno hata moja kwa mjamzito, kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au za presha, wala kwa aliyepandikizwa figo anayemeza dawa za kutuliza kinga. Hao wasiiguse bila kuongea na daktari.

Magome ya mfuko nayapa nyota nne. Boksi nilisema moja; kwa ile hesabu ya gramu liwe mbili. Hapana. Nikikumbuka "ongeza dakika mbili, ndugu", narudisha moja.