Miaka saba ya binti yangu katika shule ya chata, Houston, Marekani

Wazazi wenzangu tuliotoka wote kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mnaniuliza sana kuhusu shule hii, basi naandika mara moja tusome wote.

Ni shule ya chata: ada hakuna, fedha zinatoka serikalini, ila ina bodi yake inayoiendesha. Hapa Houston si jambo geni. KIPP, mtandao wa shule za chata, ilianzia hapa mwaka 1994, na mwingine, YES Prep, ukafuata 1998, yote ikilenga watoto wa familia za kipato kidogo. Ya kwetu sitaitaja jina. Kuingia ni kwa bahati nasibu. Sisi tulikosa, tukabaki kwenye orodha ya kusubiri mpaka Agosti, simu ikaja siku tatu kabla ya shule kufunguliwa.

Masomo ni mazito. Binti yangu aliingia darasa la 6 Kiingereza chake bado cha kuungaunga, na jioni ya kwanza alifanya kazi za shule hadi saa nne usiku huku analia. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa anapokea simu usiku, na hakumchoka.

Lakini darasa la 12 ndilo lililonifanya niipende. Mshauri wa mambo ya chuo alinikalisha kwenye kompyuta, nimetoka zamu, sare ya kiwandani bado mwilini, tukajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa fedha za chuo, mstari kwa mstari. Nilikuwa nakataa. Nilidhani ni mkopo, na deni naliogopa. Akanieleza kwamba Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa chuo wenye uhitaji, hairudishwi, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali anaruhusiwa kuiomba. Kwa mwaka wa masomo 2024–25, kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Nilimwomba aniandikie hiyo namba kwenye karatasi. Karatasi ninayo mpaka leo.

Lawama yangu ni moja, na ni kubwa. Barua zilikuja kwa Kiingereza na Kihispania tu, na kwenye vikao mkalimani wangu alikuwa binti yangu mwenyewe. Aliwahi kuadhibiwa kwa sababu ya sare, akabakizwa hadi basi likamwacha. Kwenye kikao mwalimu akaeleza kwa kirefu; mimi nikatafsiriwa, “Anasema naendelea vizuri, mama.” Simlaumu mtoto. Nani atajisomea mashtaka yake mbele ya mama yake? Nililalamika mara mbili, na mwaka wa mwisho ndipo wakaanza kutumia mkalimani wa simu.

Mdogo wake yuko hapo sasa, darasa la 7. Mkipata nafasi, ombeni mkalimani siku ileile ya kuandikisha, kabla hamjasaini chochote.