Mtaalam wa mpango wa mazingira kwa shamba la chumvi, Lindi: nampa nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wanaofungua majaruba ya chumvi huku Lindi, maana kila siku naulizwa nani wa kumpa kazi ya makaratasi ya mazingira. Kikundi chetu kipo upande wa Mchinga. Wengi hawajui kwamba chumvi kisheria ni madini, unakata leseni ndogo ya uchimbaji kama mtu wa dhahabu tu, na unatakiwa uwe na mpango wa utunzaji mazingira.

Mara ya kwanza tulimpa kazi jamaa mmoja, jina naliacha. Wiki haijaisha katuletea kitabu kina kava nzuri, nikamwambia binti yangu anisomee, sehemu ya mimea na wanyama imeandikwa miombo na swala, mbele huko wanaongelea zebaki ya kukamatia dhahabu. Mkoko haujatajwa hata mara moja na sisi tumezungukwa na mikoko! Hakuwahi kukanyaga kwetu. Iliniuma sana na sio kwa ajili ya hela tu, yale makaratasi ndo yanaenda kuieleza serikali pale kwetu kuna nini, yakisema hakuna mkoko basi mkoko hauna wa kuutetea.

Wa pili ni dada mmoja, yeye aligoma kuandika hata mstari kabla hajafika. Alikuja mara mbili, maji yakiwa yamekupwa na tena wakati wa bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa kupita kawaida, akaingia topeni na wamama wanaotanda uduvi, akauliza majina ya mikoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, kaa wanachimba wapi, kamba wadogo wanajificha kwenye mizizi ipi, yote akaandika.

Sasa sisi tulishapanga majaruba mapya yaingie kwenye mchu kwa sababu pale mfereji ungekuwa mfupi. Akasema hapana mama zangu, kwanza mnakwepa, mkishindwa kukwepa ndo mnapunguza madhara, kupanda upya ni mwisho kabisa. Akatupeleka nyuma kwenye jangwa, ule uwanda mtupu usioota kitu, akasema chimbeni hapa, na hata hapo akatuachisha kipande wanapotua ndege wa pwani maji yakijaa. Mfereji umekuwa mrefu na gharama imepanda kweli, lakini hatujakata mti. Pia alitukataza kumwaga kwa mkupuo yale maji makali yanayobaki ukishavuna chumvi, yanaua mikoko.

Na sheria alitueleza vizuri bila kututisha. Leseni ya madini peke yake haikupi ruhusa ya kukata mkoko, mikoko ni hifadhi ya serikali na lazima upite TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka baharini ziachwe bila shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira, kwahiyo mambo ya mfereji na majaruba unayamaliza na wahusika mapema kabla ya jembe. Tena kumbe kuna mpango wa mikoko wa tangu 1991 ulioigawa sehemu nne, kuna ya kutoguswa kabisa, kuna ya kuvuna kwa utaratibu, kuna iliyoharibika iachwe ipone, na kuna inayoweza kuruhusiwa vitu kama majaruba. Miaka yote hii hakuna aliyetuambia!

Kinachonisumbua, na hili sio kosa lake, kila kikundi kinaandika mpango wake peke yake. Wetu unaonekana mdogo, wa jirani mdogo, wa jirani yake mdogo, lakini mkono wa bahari ni huohuo mmoja na uduvi ni uleule. Wanaopitisha wangeyaweka makaratasi yote ya mkono mmoja mezani kwa pamoja, naomba sana hili lifanyike.

Nyota moja nimekata kwa sababu ripoti ilikuja Kiingereza kitupu, muhtasari wa Kiswahili tumesubiri karibu mwezi, na kurudi kukagua baada ya kuchimba hakumo kwenye bei yake. Ukimpa kazi mwambie Kiswahili mapema, muandikiane siku za ukaguzi, na muangalie kalenda aje siku za bamvua.