Mita ndogo za umeme (sabmita) kwa nyumba ya wapangaji: zinafaa, ila jiandaeni na majirani

Naandikia watu wanaokaa nyumba ya LUKU moja (ile mita ya umeme wa kulipia kabla) vyumba sita. Kama una mita yako peke yako pita tu, haya hayakuhusu na Mungu akuzidishie.

Kitu chenyewe ni kile kimita kidogo mafundi wanakiita sabmita, kinafungwa baada ya LUKU, kila chumba na chake. Kinaenea kiganjani, kina kioo cha namba na kitaa chekundu kinachopepesa. Sio cha kuweka tokeni (zile namba unazopewa ukinunua umeme), chenyewe kinahesabu tu uniti zilizopita basi, na umeme ukikatika namba hazipotei. Duka moja hapa Ngamiani, Tanga, muuzaji alianza elfu 35 kimoja, tulivyomwambia tunachukua sita akashuka mpaka elfu 28, na bado alikuwa anacheka kwa hiyo najua alibakiwa na faida yake.

Sasa kwa nini tulifika huko. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, ukumbi katikati vyumba huku na huku, na umeme tulikuwa tunachangia kwa kukadiria. Mwenye feni na taa elfu nne, mwenye tivii elfu sita, mwenye friji elfu 15, nani alipanga hizo bei hakuna anaejua, tulizikuta. Rimoti ya LUKU, kile kifaa cha kuingizia tokeni, ipo chumba cha kwanza, na mwenyewe akisafiri kwenda Pangani anafunga mlango na rimoti ndani, umeme ukiisha usiku mnakaa gizani na tokeni ya tarakimu 20 mnayo kwenye simu mnaiangalia tu.

Halafu kuna mchezo wa mwanzo wa mwezi. Wote mnajua kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, buku jero (1,500) kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na inakatwa kwa yule anaenunua wa kwanza. Basi tarehe 1 ikifika hakuna mtu mwenye hela nyumba nzima. Kila mtu ananunua tarehe 30 jioni buku mbili buku mbili ili avuke, halafu tunaviziana nani ataishiwa uvumilivu, watu wazima wenye watoto wanakaa bila feni na joto la Tanga kwa sababu ya buku jero. Na hiyo kodi kisheria ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji, ila bi mkubwa mwenye nyumba ukimgusia anakujibu kwa upole kabisa "mwanangu, si mnakaa nyinyi?" unabaki unamwamkia tena.

Na lawama zote zilikuwa kwa kijana wa bodaboda chumba cha nyuma, kisa sabufa. Kijana akiwasha nyumba inatetemeka, kwa hiyo ikaonekana yeye ndo anamaliza umeme. Baba mmoja hapo, mtu wa Lushoto, mpole, mswalihina, yeye ndo alikuwa wa kwanza kusema kijana aongeze hela. Shikilieni hapo.

Kufunga: tulichukua fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, na hapa naomba msibanie hela. Mita ya TANESCO (shirika la umeme), yaani hiyo LUKU, haiguswi, sili yake haiguswi, kila kitu kinaanzia kwenye waya unaotoka kuja ndani. Kila kimita kiwekewe na breka yake. Fundi alituambia tuangalie vitu viwili kabla ya kulipa, kwanza pawe pameandikwa Cl. 1, maana yake kinaweza kukosea kwa asilimia 1 hivi juu au chini, pili pawe na 1600 imp/kWh, yaani kile kitaa kikipepesa mara 1,600 ndo uniti moja imeisha. Vipo vya namba nyingine pia, sio vibaya, muhimu namba iwepo. Kisichoandikwa kitu rudisha.

Mwezi wa kwanza tukasoma. Mtoto wa bodaboda na sabufa lake uniti chache kuliko hata mimi! Hesabu yake ndogo tu, sabufa la wati 40 ukipiga masaa matano ni uniti 0.2, wakati feni yangu ya wati 60 ikizunguka masaa kumi usiku ni 0.6. Mama wa friji, yule anaeuza barafu za ubuyu, alikuwa kwenye kulipa kwake kulekule karibu, hata hakushangaa, akasema yeye alishajua. Aliepanda juu mpaka tukaona fundi kakosea waya ni baba wa Lushoto.

Koili. Ile ya kuchovya kwenye ndoo. Baba anaoga maji ya moto asubuhi na jioni, Tanga hii, mwezi wa pili, ambapo maji ya bomba mchana yenyewe yanatoka vuguvugu. Lushoto sawa kule kuna baridi, lakini huku wewe unatoka jasho ukiwa bafuni. Koili ya wati 1,500 nusu saa ni robo tatu ya uniti, mara mbili kwa siku ni uniti moja na nusu, mwezi uniti 45. Kwa bei yetu ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 ukijumlisha VAT na zile asilimia za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA inakuja kama 356 kwa uniti, ndo maana ukinunua ya elfu kumi unapata uniti 28 na ushee. Kwa hiyo maji ya kuoga peke yake elfu 16. Na mwanzo alikuwa anachangia elfu nne, yuko kundi la feni na taa.

Akagoma. Akasema mita inakimbia. Na hapa ndo nikakipenda hiki kidude, maana kinajitetea chenyewe. Ukizima kila kitu chumbani ukaacha kitu kimoja unachojua wati zake, hesabu kitaa dakika moja. Wati 1,500 kwenye mita ya 1600 lazima kipepese mara 40. Tukazima, akachovya koili yake mwenyewe, watoto wa nyumba nzima wakakaa chini ya mita wanahesabu kwa sauti na simu inapima dakika, wakafika 39. Baba akaangalia, akasema "rudieni". Wakarudia, 40. Akalipa siku hiyohiyo, ila kumsamehe yule kijana kwa lawama za miaka yote sijasikia, na kijana nae kaongeza sauti.

Sasa upande wa pili, ambao muuzaji hakuambii. Mkishafunga hizi kitu ubahili unaamka kwenye damu za watu. Mimi mwenyewe nilikuwa na tabia zangu tangu zamani, napiga pasi nguo za wiki nzima Jumapili kwa mkupuo, chai inachemshwa mara moja inaingia kwenye chupa mpaka jioni, shemeji yenu ananicheka. Lakini walioanza sasa wamezidi. Kuna jirani kila jioni anakuja "naomba nichaji simu hapa kwako, kwangu soketi imelegea". Simu haili kitu sawa, siwezi kumkatalia mtu kwa ajili ya simu, ila kesho yake kaja na simu mbili na tochi. Mwingine anataka "kupitisha pasi shati moja tu", anaingia na shati, shuka, na sare za watoto watatu, halafu anakusifia chumba chako kina hewa nzuri.

Taa ya ukumbini ndo aibu yenyewe. Zamani ilikuwa inawaka kila siku mpaka alfajiri, hakuna anaeiuliza. Fundi akauliza hii ifungwe kwenye mita ya nani. Kimya. Kila mtu akakumbuka ana kitu jikoni. Ikabaki haijafungwa popote, sa hivi tunapita ukumbini na tochi za simu tunakanyaga ndala za watu, na bibi mmoja alishajigonga kwenye baiskeli ya mtu. Nikapiga hesabu nikawapelekea wote: taa ya wati 9 inachukua zaidi ya masaa 110 kumaliza uniti moja, ikiwaka saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kama uniti tatu kwa mwezi, haizidi elfu moja mia moja, gawa kwa vyumba sita haifiki hata mia mbili. Mia mbili! Jibu la kwanza nililopata: "kwani chumba cha mwisho kinapita ukumbini sawa na cha mbele?" Nimeacha.

Kasoro za kidude chenyewe sasa. Kioo hakina mwanga, kusoma lazima umulike. Hakirudi sifuri, kwa hiyo unatoa namba ya mwezi huu kwa ya mwezi uliopita, na kuna watu kutoa huku kunawapa shida au wanajifanya kunawapa shida. Pigeni picha mita zote pamoja tarehe 1 asubuhi, watu wawili washuhudie. Na mjue jumla ya vimita sita haitalingana sawasawa na LUKU, mara nyingi itapungua kidogo, kila kimita kinakula chake kidogo na ile asilimia 1, tofauti hiyo gawaneni msigombane. Buku jero ya kodi tumeiweka zamu, mwezi huu chumba hiki mwezi ujao kile, na risiti inabandikwa ukutani ili bi mkubwa akipita kudai kodi ya vyumba aione. Anaiona. Hasemi kitu, anatusifia tu kwamba siku hizi tunaelewana.

Kwangu nyota nne. Bei ya sita pamoja na breka na fundi inauma ikija kwa mkupuo, sisi tulichanga miezi miwili na mama wa barafu ndo alieshika hela kwa sababu ndo pekee hakopwi. Kama mtanunua, zamu ya taa ya ukumbi ikubaliwe kabla fundi hajafika, na iandikwe.