Kabla hujanunua inkubeta ya mayai ya nyoka au mijusi, angalia dirisha liko wapi

Nimepoteza mayai mawili ya chatu wangu kwa sababu ya tone la maji. Kabla sijanunua ile mashine nilisoma miongozo mingi tu, yote inaongelea wati, inabeba mayai mangapi, ina taa au haina, na hakuna hata mmoja ulioniambia niangalie maji yatadondokea wapi.

Ilikuwa hivi. Chatu wangu ni wale wadogo wanaojiviringisha kama mpira wakiogopa, akataga mayai sita yameshikana bonge moja kama kawaida yao, nikayaweka kwenye inkubeta mpya yenye dirisha kubwa zuri juu kwenye kifuniko. Joto nyuzi 31.5, unyevu wa kutosha, nikajua hapa nimemaliza. Wiki ya tatu naona dirisha limepata ukungu, wiki ya nne ukungu umekuwa matone, na tone likishapata njia yake linaangukia palepale kila siku. Yai la juu kabisa likalowa, likaota kuvu, la pembeni yake likafuata. Siku ya 58 manne yakaanguliwa vizuri. Yale mawili nilipoyapasua nikakuta watoto wameshaumbika kabisa, na madoa yao tayari mgongoni. Niliumia jamani.

Yai la nyoka linapumua kupitia ganda, sasa ganda likikaa limefunikwa na maji hewa haipiti. Na ndani ya mashine kuna mvuke mwingi, nje chumba kina baridi kuliko ndani, ile plastiki nyembamba ya dirisha ndiyo sehemu yenye baridi kuliko zote kwa hiyo mvuke wote unakwenda kugeuka maji pale, juu ya vichwa vya mayai. Huwezi hata kuligeuza yai kulikwepesha, siyo kama la kuku, maana baada ya siku moja au mbili kiinitete kimeshajishikiza upande wa juu na ukigeuza unaweza kukiua. Ndiyo maana tunaweka alama ya penseli juu ya kila yai siku ileile.

Kwa hiyo mimi sasa hivi swali langu la kwanza ni moja, mlango uko mbele au uko juu? Dirisha likiwa mbele maji yanateremka na kioo hadi chini, hayagusi yai.

Namba moja kwangu ni Herpstat na sifichi, naipenda sana. Najua utasema hiyo ni themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, siyo inkubeta, ni kweli, inatengenezwa na Spyder Robotics wa Marekani na boksi unajitafutia mwenyewe. Chukua friji bovu, lina kuta nene, mlango mbele, dirisha hakuna kabisa, weka mkanda wa joto na feni ndogo, tayari. Themostati nyingi zinawasha na kuzima tu, joto linapanda linashuka, na kila likishuka ndiyo matone yanatokea. Herpstat yenyewe inaongeza na kupunguza umeme kidogo kidogo hadi joto linatulia, na likizidi au likipungua inapiga kelele. Halafu sensa yake, ile ncha inayopima joto, unaiweka unapotaka wewe, pembeni kabisa mwa mayai, siyo pale ambapo kiwanda kimeamua. Tangu nihamie huko sijaona tone hata moja juu ya yai.

Kama hutaki kuunganisha nyaya chukua zile zenye umbo la kifriji, Exo Terra Incubator PRO au Lucky Reptile Herp Nursery. Mlango uko mbele, na zinapasha joto na kupoza pia. Hilo la kupoza watu wanalidharau, ila ukiwa na geko chui, yule mjusi mwenye madoa, utalihitaji: mayai yake kwenye nyuzi 26 hivi yanatoa karibu majike matupu, kwenye 31 au 32 madume yanakuwa mengi. Sasa chumba chako kikifika 30 mchana na mashine inajua kupasha joto tu, hayo majike unayapataje?

Za stairofomu kama Hova-Bator ni nyepesi na zimesaidia wengi kuanza, lakini kifuniko kiko juu. Ukinunua, mayai usiyaweke wazi ndani yake, yaweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko na matundu machache, chini vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika maji) na maji kwa uzito sawa, kisha upande mmoja wa kopo uinue kidogo kwa kitu chochote ili kifuniko kilale mshazari na maji yatiririkie pembeni. Hata kwenye kifriji mimi nafanya hivyo.

Zile za bei ya chini kabisa ni za kuku, nyingine zinageuza mayai zenyewe. Achana nazo.

Na hapa wauzaji wananikera kweli. Wanachukua mashine ya kuku, wanabandika picha ya mjusi, wanaandika inafaa mayai ya aina zote, bei inapanda. Wanaandika usahihi wa nyuzi 0.1 kwa sababu tu kioo kinaonyesha namba moja baada ya nukta, wakati pembe moja na nyingine za boksi zinapishana nyuzi mbili nzima. Maoni ya nyota tano yanaandikwa siku mtu anafungua boksi, hajatotolesha hata yai moja. Mimi nilipewa siku 30 za kurudisha mzigo, mayai ya chatu yanachukua siku 55 hadi 60, sasa nitajuaje kama mashine ni mbovu ndani ya siku 30? Niliwatumia picha za dirisha na za yale mayai mawili, wakanijibu muda wa kurudisha umeshapita, na wiki ileile wakaweka tena tangazo la mashine ileile, wanasifia dirisha.